Fundi wa Mutakura na Haya Zake

Epiphanie, aliyeuza makaa mtaani Mutakura miaka ile ya vita, bado anamkumbuka kwa hamu fundi cherehani jirani yake: vidole virefu, pini mdomoni, nyimbo za kanisa akiziimbia puani. Fundi alipopita miaka hamsini akawa haishi kuinuka kwenda chooni, anakawia huko. Epiphanie akimuuliza kama anaumwa, hujibu:

“Apana, mama, ni baridi tu.”

Siku moja mkojo ukagoma kabisa. Epiphanie akamsindikiza kwa daktari, wakavuka vizuizi viwili vya askari. Tezi dume ilikuwa imevimba, ila haikuwa saratani. Mkojo ukatolewa kwa mpira, akaanzishiwa vidonge. Fundi aliporudi kazini aliwaita wanaume wa mtaa.

“Mi niliona haya kusema, nusura nife.”

Wawili wakauliza palepale daktari anapatikana wapi.