Kimbunga na Mpunga wa Mama

Habari za kimbunga nilizipata kwenye simu, Jumamosi saa nne asubuhi, mpunga wa mama ukiwa umeanikwa uani kwetu Mlabani na jua likiwaka kweli kweli. Simu ilionyesha ramani ya bahari na duara jekundu likija upande wetu. Kutoka baharini hadi Ifakara ni safari ndefu hata kwa basi, lakini mimi nikiogopa sipimi umbali.

"Mama, tuuingize ndani. Kinakuja kimbunga."

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye turubai. Akaokota punje moja, akaing'ata. Ndivyo anavyopima: punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea tu chini ya jino.

"Bado mbichi. Unataka siku mbili za jua."

"Siku mbili hatuna, mama."

"Si jua hili hapa?"

Nikapandwa na hasira. Nafundisha shule ya msingi na nimezoea kusikilizwa, kwa hiyo nilimweleza kwa sauti ya darasani kwamba huu ndio chakula chetu cha mwaka mzima na mbegu ya msimu ujao, na kwamba wenye mitambo ya hali ya hewa hawakosei. Mama alinitazama, akajipangusa vumbi la mikono, akasema, "Haya."

Tukajaza magunia. Niliyapanga sebuleni hadi karibu na dari, nikapigilia mbao madirishani, nikaziba nyufa za mlango kwa matambara. Kisha nikapanda juu ya bati na matofali ya kulizuia lisipeperuke. Jirani yetu mwenye duka, mzee mwenye asili ya pwani, alitoka nje kunitazama.

"Mwalimu, nimeongea na ndugu zangu huko huko ufukweni. Wameanika nguo."

"Shikamoo, mzee. Watajuta," nikamjibu kutoka juu.

Tangu hapo sikufanya kazi nyingine. Duara likisogea, natangaza. Likisimama, natangaza kwamba linajipanga. Majirani waliendelea kuanika mpunga wao, na niliwahurumia kwa dhati. Sisi tulikula tumebanana kwenye kona, migongo ikiegemea magunia. Jumapili sebule ilikuwa na joto la ajabu. Nilimwambia mama kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe, kimbunga hutanguliwa na joto. Aliendelea kujipepea kwa kanga.

Jumatatu asubuhi duara likatoweka kwenye simu. Kimbunga kilifia baharini. Sisi tulipata manyunyu yasiyotosha kulowesha kuku. Badala ya kushukuru nilinuna, kama mtu aliyetapeliwa.

Mama akafungua gunia moja, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka.

"Hebu shika."

Nikashika. Ndani mlikuwa na moto, na harufu ya kitu kilichochacha. Lile joto la sebuleni lilitoka humo. Gunia la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Tungeukoboa, lakini mchele wake ungekuwa wa njano, chenga tupu, na ndio ambao tungekula mwaka mzima. Nilijisikia vibaya sana. Nikamwomba mama msamaha, nikamuuliza kwa sauti ndogo tutapanda nini, maana mpunga uliochemka hauoti.

Mama akainuka. Alitoka, nikamfuata hadi uani kwa mwenye duka, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu Jumamosi kwa kukodolea simu macho. Palikuwa na turubai moja dogo, limejaa mpunga. Mwenye duka akageuka kupanga makreti ya soda ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Mama akaokota punje, akanipa. Nikaing'ata, ikakatika kwa mlio.

"Nilikuona unaogopa kweli, mwanangu," akasema. "Nikakuachia wa kula. Wa mbegu sikukuachia."