Mchezo Nilioambiwa Nishindwe

Mipira ya puli inapogongana kwa mara ya kwanza, pale mchezo unapofunguliwa, hutoa mlio mkavu kama wa nazi inayopasuliwa kwa kisogo cha panga. Watu wengine wakiusikia husogea karibu waangalie. Mimi taya hunikaza. Juzi nilikuwa stendi ya Muheza, nimekumbatia mfuko wa machungwa, nikausikia ukitoka kwenye kibanda cha turubai nyuma ya wauza chipsi. Sikujua nimebana kiasi gani mpaka chungwa moja lilipopasuka na kunilowesha blauzi. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimesimama stendi natiririka maji ya chungwa kwa hasira ya mambo ya zamani. Nitawaambieni sababu, lakini msitegemee niisimulie kwa upole.

Tulikaa Ngamiani, Tanga mjini, mimi na mama, katika chumba kimoja cha nyumba aliyoiacha babu mzaa baba. Baba alikuwa fundi wa reli. Alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo mkubwa wetu akawa mdogo wake, Hemedi, niliyemwita Ba'mdogo. Sina budi kusema kweli: nilimpenda. Miaka ile ambayo mji mzima ulikosa sabuni, na watu tulifua kwa majani ya mpapai, yeye alinukia sabuni. Hakuna aliyejua anaipata wapi. Akiingia uani alinibeba mabegani na kuniita Fundi, jina alilokuwa akiitwa baba, nami nilijiona nimerudishiwa kitu.

Karibu na nyumba yetu palikuwa na duka la ushirika. Hapo ndipo tulipopanga foleni ya sukari. Mama aliweka jiwe lake kwenye mstari tangu alfajiri, kisha akanituma nikalilinde jiwe, maana kulikuwa na watu waliohamisha mawe ya wenzao kwa vidole vya miguu huku wakitazama mawinguni kama watakatifu. Siku moja nililinda jiwe letu mpaka adhuhuri, tukafika dirishani, tukauziwa kiberiti.

Halafu biashara ikaachiwa. Ghafla vitu vikajaa: vitambaa, redio, mafuta ya kupaka yenye harufu ya tofaa. Duka la ushirika likafa taratibu, kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza, na Ba'mdogo akalipanga lile jengo. Akaleta meza ya puli kutoka Mombasa kwa lori. Ilibidi fremu ya mlango ing'olewe ndipo meza ipite. Ukutani bado kulikuwa na maandishi ya rangi ya buluu, UNGA, SUKARI, MAFUTA, na chini yake meza ile ikakaa na kitambaa chake cha kijani kilichonukia upya. Ukitumbukiza sarafu na kusukuma kidude pembeni, mipira ilishuka tumboni mwa meza kwa ngurumo, nami kila mara nilishtuka na kucheka.

Kazi yangu ilikuwa kufagia ukumbi kabla ya kwenda shule na kupanga makreti ya soda nikirudi. Asubuhi hizo, watu wakiwa hawajaja, Ba'mdogo alinifundisha kucheza. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo nalo linaniudhi, maana ningependa awe hajui chochote. Alinionyesha kuweka mkono mezani kama buibui, fimbo ipite juu ya kidole gumba; kupiga mpira mweupe chini kidogo urudi nyuma, au juu kidogo ufuate. Alinifundisha kutotazama shimo ninalolitaka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na hapakuwa na hesabu yoyote shuleni iliyonikaa kichwani kama pembe za meza ile.

Alipoona nimeiva, akanigeuza mtego. Wageni walishuka kwenye mabasi na malori, wakaingia kunywa soda. Ba'mdogo aliwalalamikia kwamba meza yake ni nyepesi mno, hata mtoto wa kaka yake anayefagia anaiweza. Mgeni alicheka, akataka kuona. Mchezo wa kwanza nilijilegeza, nikapiga mipira hovyo, nikauma kidole. Mgeni akiwa ameshapanda kichwa, Ba'mdogo alipendekeza waweke kitu: saa ya mkononi, doti ya kanga, mfuko wa sukari. Kisha aliniambia, "Haya Fundi, maliza kazi," nami nikaimaliza. Nilipenda kuona nyuso zao zikibadilika. Nilipenda watu wa mtaani walivyocheka. Mzee Mbaruku, muuza kahawa aliyeshinda pale ukumbini na birika lake, alinipa kashata kila niliposhinda, akisema mkono wangu una baraka. Mama hakuyajua haya. Alikaanga maandazi alfajiri na kuyauza mchana kutwa, na alichojua ni kwamba namsaidia baba yangu mdogo kufagia.

Katika wageni alikuwepo Bwana Sadala, mtu wa Pangani, mwenye malori mawili yaliyovusha bidhaa mpakani. Alikuwa mkubwa kuliko baba yangu angekuwa, na nyumbani kwake kulikuwa na wake wawili. Alikuja mara nne au tano. Hakucheza. Alikaa kwenye kreti, akaagiza soda, akaniangalia nikicheza, kisha akazungumza na Ba'mdogo nje.

Jumamosi moja mama alikwenda Tongoni msibani. Alipoondoka tu, Ba'mdogo akaja na gauni jipya na ushungi mpya, akaniambia nioge nivae. Ukumbi nilikuta ameufagia mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaniambia leo nitacheza na Bwana Sadala mchezo mmoja tu, na nishindwe. Nishindwe kwa adabu, isionekane nimekusudia. Nikamuuliza kama mchezo wa pili ndio nitamaliza kazi. Akasema hakuna wa pili. Nilidhani ni heshima ya kumpa mtu mkubwa mwenye malori, nikakubali.

Adhuhuri ilipopita ukumbi ulijaa. Wanaume tisa, nimewahesabu mara nyingi tangu wakati huo. Wote majirani, wote nikiwajua kwa majina na kwa majina ya watoto wao. Bwana Sadala aliingia na kanzu iliyopigwa pasi, nikamwamkia kama nilivyofunzwa.

"Shikamoo."

Hakuitikia. Alitabasamu, akasema, "Hiyo shikamoo mpelekee babu yako. Mimi na wewe habari za mchana zinatosha."

Wakacheka. Mimi nilihisi uso unawaka. Kwetu mtoto asiyeamkia alichapwa, na mtu mzima kuikataa shikamoo ya mtoto nilikuwa sijawahi kumwona. Nilidhani ananidharau. Nilidhani anasema sistahili hata kuitikiwa. Mtu mzima anayesoma hapa ameshaelewa kwa nini mwanamume hataki shikamoo ya msichana, lakini mimi nilikuwa mtoto.

Tukaanza. Nilitii. Nilikosa mpira wa kwanza, nikakosa wa pili, naye akaingiza mitatu kwa bahati na kelele. Alicheza vibaya, alishika fimbo kama anachochea uji, na kila alipopita upande wangu alinisahihisha mkono. Ilinichoma kushindwa na mtu wa namna ile. Alipobakiza mipira miwili akajiinua, akawatazama watazamaji, akasema kwa sauti, "Ikiisha hii, fimbo basi. Nitampa mwiko anipikie."

Wakacheka tena, na safari hii nilisikia kicheko cha Ba'mdogo katikati yao. Ni kicheko hicho kilichoniondolea utii. Si maneno ya yule mzee. Ni kuona mtu aliyenifundisha, aliyeniita kwa jina la baba, anacheka mimi nikipewa mwiko.

Ilipofika zamu yangu sikumtazama tena Ba'mdogo. Nilikuwa na mipira sita mezani. Niliingiza mmoja kona ya mlangoni, wa pili ukafuata, wa tatu nikaupitisha katikati ya miwili ya kwake bila kuigusa. Kicheko kikapungua. Kwenye wa nne Ba'mdogo akasema, "Pole pole, Mwantumu." Hakuwa ameniita Mwantumu kwa miaka. Nikaingiza wa nne, wa tano, wa sita. Ukabaki ule mweusi, umeegemea ukingo, mahali pabaya. Niliupiga, ukaenda shimoni kama umeitwa. Nikaweka fimbo juu ya meza.

Hakuna aliyenipigia makofi. Bwana Sadala alipangusa vidole kwa leso, akamwambia Ba'mdogo, "Basi. Yamekwisha," akatoka. Nilisikia lori likiwashwa.

Ba'mdogo akachukua ile fimbo. Aliniuliza kama najua nilichofanya. Nikamjibu, "Nimeshinda." Alinipiga mara moja tu, kwenye mkono wa kulia, uliokuwa bado mezani. Kidole kidogo na cha pembeni yake vilivunjika. Mpaka leo kidole kidogo hakinyooki, na nikishika kalamu hukaa pembeni kama mgeni. Wanaume tisa walikuwepo. Mmoja alisema, "Hemedi, taratibu." Hilo ndilo lililosemwa.

Mama alirudi kutoka Tongoni jua likielekea kuzama. Alinikuta kitandani na mkono umevimba. Aliufunga kwa kipande cha kanga. Nilisikia mtu anamwita uani, sauti ya chini ya kiume, maneno machache. Aliporudi ndani alipita moja kwa moja jikoni, akachukua kisu cha kukatia unga wa maandazi, akatoka. Nikamfuata nikilia, nikijua anakwenda kuua.

Ukumbini Ba'mdogo alikuwa amekaa peke yake. Alipomwona alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mama aligeuka, akaniona mlangoni. Kisha akageukia meza, akachoma kisu kwenye kitambaa cha kijani na kukivuta kutoka ncha mpaka ncha. Akarudia upande wa pili. Kitambaa kililia kama kanzu inayochanwa. Ba'mdogo alisema, "Shemeji, una wazimu?" Mama alinishika mkono mzima, tukarudi kufunga mizigo, na kesho yake tulikuwa Muheza kwao, kwa Wabondei wenzake na michungwa yao.

Nisikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapoona aibu. Hasira yangu yote niliielekeza kwa mama. Ba'mdogo alinipiga, sawa, nilikuwa nimevunja amri. Lakini mama aliua meza. Mama ndiye aliyeniondoa mjini, akanipeleka mahali ambapo hapakuwa na chochote cha kucheza ila kuchuma machungwa na kuyapanga kwenye matenga. Nilimuuliza kwa nini, akasema tu kwamba pale hapakuwa pahala pa kukulia. Nilimnunia mwaka mzima. Hata nilipokuwa mkubwa, nikawa mwalimu, nikaolewa, tulikuwa tukizungumza kama watu waliokutana kwenye basi.

Ba'mdogo alipofariki nilikwenda Tanga kuzika. Nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya wali, Mzee Mbaruku aliniita. Alikuwa mkongwe, macho yameingia utando. Aliniambia kwamba siku ile nilimfurahisha kuliko siku zote. Nikamuuliza siku ipi. Akashangaa kwamba sijui, akanisimulia huku akicheka, kama hadithi tuliyokuwa tukiijua pamoja. Bwana Sadala alitaka kunioa. Ba'mdogo, akiwa ndiye walii wangu wa kuniozesha, alitaka kuingizwa kwenye biashara ya malori, lakini aliogopa mama. Wakapatana kwamba dau liwekwe mbele ya watu: mzee akinishinda, nimekuwa wake, na Ba'mdogo angemwambia mama kwamba neno la mwanamume limeshatoka hadharani, halirudi. Akishindwa, asahau. Na kwa kuwa mimi ningeshindwa, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Dau lilikuwa wewe," alisema. "Sote tulijua."

Alinyoosha mkono kunipapasa bega. Nikauondoa.

Sikungoja hitima. Nilipanda gari mpaka Muheza, nikamkuta mama anamenya mihogo, nikamuuliza kama alijua. Alisema alijua siku ile ile. Mbaruku ndiye aliyekuja uani kumwambia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote.

"Sikutaka ukue ukijua uliwahi kuwekwa mezani," alisema. Akamenya kidogo, kisha akaongeza, "Kisu sikukichukua kwa ajili ya kitambaa. Nilimwendea yeye. Nilipokuona mlangoni nikajiuliza, nikifungwa utabaki na nani."

Nilimwomba radhi, nikalia, akaniambia nikae nimsaidie mihogo. Baadaye nikamuuliza jambo moja zaidi: Mbaruku alipomjia, yule aliyekuwa akinipa kashata, alikuwa na birika lake? Alifikiri, akasema ndiyo, alikuwa nalo, lakini lilikuwa tupu. Yaani alikaa ukumbini mchezo mzima akiwamiminia kahawa, mpaka ikaisha.

Watu huniambia Ba'mdogo ameshakufa, nimsamehe. Huyo nimemsamehe nusu. Alikuwa na tamaa, na tamaa naielewa. Ninachoshindwa kusamehe ni vile vikombe vya kahawa. Nikiwa mtoto niliamini nimezungukwa na wazee wangu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba katika chumba kile kilichojaa watu wazima, mtu pekee aliyenitetea alikuwa mimi, nami nilikuwa sijui ninatetea nini. Kama nisingekasirika siku ile, kama ningekuwa mtoto mwenye adabu, ningeshindwa vizuri, kama nilivyoambiwa.