Mapacha wa Mpiga Pasi

Mama Pacha, mpiga pasi kwa dobi, alimsikiliza daktari mpaka mwisho. Askari wa kinga ya mwili wa binti yake, pacha mkubwa, walikuwa wameligeukia kongosho la mtoto, na seli za kuwatuliza askari hao zilikuwa zimeshindwa kazi. Ndiyo maana binti aliishi kwa sindano za insulini.

"Basi chukueni za kutuliza kwa mdogo wake, dokta. Hawa ni shilingi kwa ya pili."

"Tiba hiyo bado inatafutwa, mama. Ila kwa kufanana huko, na yeye tumpime."

"Mimi silii kama wewe," mdogo akamcheka dada yake, akanyoosha mkono atolewe damu.

Majibu yalipotoka, daktari alisogeza kiti, akasema polepole kwamba hata kwa mdogo vita vimeshaanza. Mama akawapakata wote wawili.