Kigoda cha Maria

Leo nimeingia dukani kununua kamba, harufu ya katani ikanirudisha kwenye kanisa letu la kambini, kule shamba la mkonge. Ilikuwa mchana, siku ya kuamkia Krismasi. Mama alikuwa akitandika nyuzi za katani kwenye hori la mtoto Yesu. Mwanamke mjamzito, mgeni kwetu, akaingia kutoka juani, akaketi kwenye kigoda kando ya hori, akihema.

“Samahani, mwanangu,” mama alimwambia kwa upole wake ule ule, “hapo tumemwekea Maria.”

“Nisamehe, mama.”

Akainuka, akatoka. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Mama alikipangusa kigoda. Kikabaki kitupu mpaka jioni, binti wa nyapara alipokuja kukikalia kwenye igizo, akiwa amefungwa mto tumboni.