Walikale Iliyoishia Kibua

Niliondoka Masisi na hasira, na ninawaambia mapema ninyi mtakaosoma, msije mkashangaa mkinikuta nagombana hata na mvua. Hasira yenyewe ilitokana na mabanki, madawati ya shule, niliyoyachonga kwa mbao za musave, ulimi ndani ya tundu, bila msumari hata mmoja. Walioniagiza ni wazazi wa Itebero. Walikuwa wamejijengea shule ya miti na udongo, na mwalimu wao alikuwa shemeji yangu Tomasi, mume wa dada yangu Veronika. Mkaguzi wa shule, Mzungu, alikuwa njiani kuja kuiona. Alikwisha kuwaambia kwamba shule ambayo watoto wake wanakaa chini hataiandika, nayo isipoandikwa hakuna mshahara wa mwalimu wala cheti cha mtoto.

Kutoka Masisi hadi Itebero ni milima, kisha msitu, na mimi sikuwa na lori. Hata Felisi hakuwa nalo. Felisi alikuwa dalali wa mizigo, sisi tulimwita komisioneri. Anapokea mzigo wako, anatafuta lori la mtu mwingine, anakula katikati. Miaka ile ya hamsini watu wa namna yake waliota kando ya soko kama uyoga baada ya mvua. Siku tulipoandikiana mkataba niliona pale pa mahali mzigo unapokwenda ameandika neno moja tu, Walikale. Walikale ni jina la poste, kituo cha serikali, lakini pia ni jina la teritwari nzima, wilaya ya msitu usiokwisha. Nikamuuliza, na Itebero je?

"Itebero iko ndani ya Walikale," akasema bila kuinua kichwa. "Ukishaandika chungu, maharagi iko ndani."

Nikacheka, maana alijua kusema, Felisi. Nikatia sahihi, nikalipa njia yote, mabanki yakapakiwa mbele ya macho yangu.

Wiki zikapita. Kisha mchuuzi wa mawese aliyetoka kule akaniletea neno la Veronika kwamba hawajaona hata mguu wa benchi. Nikaenda kwa Felisi. Alikuwa anakunywa chai. Akatoa karatasi yenye alama ya kidole gumba, akanionyesha kwa mbali kidogo, kama mtu anayemwonyesha mtoto peremende. Mzigo umefika, akasema, Walikale imepokea. Nani wa Walikale? "Muntu wa Walikale," akajibu, akarudi kwenye chai yake. Kesho yake nikafunga randa na patasi ndani ya gunia, nikashika njia.

Nyabiondo nilipata lori lililobeba maharagi ya wachimbaji wa mgodi wa Omate. Dereva, Papa Yohana, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, alinipa nafasi kando yake. Tuliteremka tukiacha baridi ya Masisi nyuma, na kila kona joto likapanda, na matope pia. Mara mbili tulishuka kusukuma. Nilipomtajia jina la Felisi, Papa Yohana alitikisa kichwa. Akanieleza kwamba mizigo ya bwana huyo anaijua, aliwahi kuibeba. Felisi humlipa dereva mpaka Kibua tu, kwa sababu Kibua iko ndani kidogo ya mpaka, na ukishauvuka mpaka uko Walikale. Mbele ya hapo njia inakula magurudumu. Mteja amelipa mpaka mwisho, mzigo unashushwa mlangoni mwa teritwari.

Waliosema "njia ya mwongo ni fupi" walimjua Felisi kabla hajazaliwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa ameandika uongo. Kila herufi ya mkataba ule ilikuwa kweli, na kwa kweli ile ile watoto wa Itebero walikuwa wamekaa kwenye udongo.

Kibua niliyaona mabanki yangu kabla ya kuuliza. Yalikuwa chini ya kibanda cha kuanikia mihogo, yamepangwa vizuri, yamefunikwa majani ya migomba. Mwenye kibanda alikuwa Mama Anjela, mkulima, mwanamke mrefu asiye na haraka. Nilimkabili kwa ukali, maana nilijua kidole kilichokuwa kwenye karatasi ni chake. Akaniacha nimalize, kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

"Sikiliza, Papa. Ule shoferi wa ile siku aliniambia mvua inakuja, nimulindie vitu vya watu. Mimi nilitia kidole ya kulinda, hapana kidole ya kupokea. Hata batoto bangu sikubaachia kuikalia. Iko ya batoto ba wenyewe."

Nikaona haya, na haya ile nayo ikageuka hasira, ila sasa ilikuwa yetu wawili. Mama Anjela alipofahamu kwamba kidole chake kilisomwa Masisi kama ushahidi, aliingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa na mume wake na shemeji zake. Lori la Papa Yohana lilikuwa limejaa mpaka juu, na lori jingine halikutazamiwa. "Tutabeba," akasema mume wake, kama anayesema tutakula.

Kutoka Kibua tuliingia msituni. Nawaomba mkumbuke kwamba watu wa kule walibebeshwa mizigo ya serikali kwa fimbo, na wengine mabega yao yana alama hadi leo. Hata hivyo kila kijiji tulichofika, wanaume walisikiliza habari, wakauliza kama kweli ni ya shule, kisha wakawapokea wenzao mzigo mpaka kijiji kinachofuata. Tulivuka mito juu ya magogo yenye utelezi. Benchi moja lilituponyoka likaenda na maji, na kijana mmoja akalifuata akilitukana mpaka akalirudisha. Waliokuwa hawajatia sahihi popote ndio walioubeba mzigo, na aliyetia sahihi alikuwa Masisi kwenye kivuli. Nilitembea na wazo hilo mpaka likanichosha kuliko njia.

Itebero tulifika mvua ikinyesha. Watoto walitukimbilia, lakini dada yangu Veronika alikuja polepole, nikajua. Alishika ukingo wa benchi la kwanza, akaupapasa.

"Umefanya muzuri, kaka," akasema. "Lakini ule muzungu alishapita. Batoto balikaa chini mbele yake. Alisema tungoje mwaka ingine."

Tomasi hakulalamika. Alisaidia kuyaingiza, akayanyoosha kwa mistari. Mimi nikashika randa nikaanza kurekebisha miguu iliyovimba kwa maji, kwa sababu ningesimama bure ningelia. Usiku nililala kwao. Asubuhi Tomasi alifundisha kama kawaida, bila mshahara, watoto wamekaa wima kama wakubwa.

Niliporudi Masisi sikwenda nyumbani kwanza. Njiani nilikuwa nimejifunza jambo moja, nawaachia nanyi: jina kubwa likiandikwa kwenye mkataba, linamfaa anayeandika. Anayengoja mzigo siku zote ana jina dogo. Basi nilimkuta Felisi sokoni, wateja wamejipanga mbele yake. Nikamwambia nina mlango na ubao wa kuandikia vya shule ileile, na mkataba nimeuandika mwenyewe: mzigo utafika Itebero, chini ya paa la shule, na Mwalimu Tomasi ataupokea kwa mkono wake.

Felisi alisoma, akasoma tena, akaweka kalamu chini.

"Hii hapana, fundi. Itebero iko mbali sana."

"Ile siku ilikuwa ndani ya chungu," nikamwambia.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja ameketi juu ya magunia yake ya maharagi, karatasi yake tayari mkononi. Akaifunua, akamnyooshea Felisi, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Na yangu, Papa, uliandika chungu gani?"