Visiki vya Baba

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea herufi. Shule niliishia darasa la saba, na hata nilipokuwa naona vizuri niliandika polepole. Ukurasa mmoja ulinichukua siku mbili. Sasa ninatumia kipande cha boksi la sabuni ambacho dada yangu mdogo amekikata matundu marefu kama mistari ya daftari. Kidole cha kushoto kinatangulia, kalamu inafuata. Mkiona mstari umepanda juu ya mwenzake, nivumilieni. Wiki iliyopita nilijaza kurasa tatu kwa kalamu iliyokwisha wino. Dada alizishika, akazigeuzageuza, kisha akasema, "Kaka, hizi umewaandikia malaika." Tulicheka. Nikaanza upya.

Baadhi yenu mnanijua bila kunijua. Nilikuwa na safu ndogo gazetini, upana wa kiganja, ukurasa wa ndani karibu na matangazo ya vifo. Haikuwa na picha yangu. Mimi ni mtu wa aibu. Mbele ya watu ulimi hunikauka, na kanisani nilizoea kuingia kwa mlango wa pembeni ili nisisalimiane na wengi. Lakini kwenye karatasi sikuona aibu. Siku moja niliandika barua kwa gazeti kuhusu majirani wawili waliogombania zamu ya maji ya mfereji hadi wakapigana kwa matope, wakarudi nyumbani wote wawili bila maji. Mhariri aliichapa, kisha akanitumia ujumbe kupitia mama mmoja muuza ndizi kwamba nilete nyingine. Basi kila Jumanne nilishuka kwa miguu kutoka Uru hadi Moshi mjini, bahasha ndani ya shati, nikampa karani na kuondoka kabla hajasema karibu.

Mhariri alinipa sharti moja: nisitaje jina la mtu. Nililikubali haraka. Niliamini kwamba mtu akishakosa jina, amefichika. Aliyezaliwa mjini anaweza kuamini hivyo. Mimi nilizaliwa mlimani, ambako mtu husikia ng'ombe akilia bondeni akasema, "Huyo ni wa fulani, leo hawajamkatia majani," na bado niliamini.

Baba yangu alikuwa mtu wa kahawa. Kahawa yake ilipandwa na babu, na yeye aliipogolea kwa uangalifu wa kinyozi. Ndiyo ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani na magari yao, na chama cha ushirika cha kijiji kikaacha kukopesha dawa. Bila dawa, matunda yalioza yakiwa bado mabichi. Watu walianza kunong'ona juu ya kukata kahawa na kupanda mboga, lakini kukata kahawa kulikuwa marufuku, na zaidi ya marufuku kulikuwa aibu. Baba mwenyewe, akiwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, alisimama mara nyingi baada ya sala akasema, "Anayekata kahawa anamkata baba yake."

Asubuhi moja nilishuka kukata majani ya ng'ombe sehemu ya chini ya kihamba chetu, shamba letu la urithi, pale mfereji unapopinda kwenye jiwe. Nilimkuta baba na panga. Mikahawa ya mstari mzima ilikuwa imelala chini. Alikuwa anafunika visiki kwa majani makavu ya migomba.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Sijaona kitu, baba."

"Vizuri. Kata majani, ng'ombe ana njaa."

Nilikata majani. Lakini nilimwona akikipapasa kisiki cha mwisho kabla ya kukifunika, taratibu, kama mtu anayemvutia mtoto shuka mpaka kidevuni.

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Miche ya nyanya ilikuwa imeanza kunyanyuka pale chini nilipoliandika. Sikuandika kwa ubaya. Niliandika kwa sababu ule mkono juu ya kisiki haukunitoka kichwani, nikafikiri kwamba watu wakiusoma wataelewa jinsi kahawa inavyowavunja wazee wetu. Niliandika "mzee mmoja." Nikaweka ng'ombe mwenye pembe moja, kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa na pembe moja na ilipendeza katika sentensi. Nikaweka na jiwe na kona ya mfereji.

Gazeti lilipanda mlimani. Lilisomwa kwa sauti kilabuni, watu wakinywa mbege, baba akiwa ameketi miongoni mwao. Jirani yetu alinisimulia baadaye, naye hakuweza kujizuia kucheka hata wakati ananisimulia. Anasema msomaji hakufika hata nusu.

"Pembe moja?" mmoja aliuliza. "Kwenye jiwe?"

Wote wakamgeukia baba.

"Meku, mzee wetu, visiki hawajambo?"

"Usiwaamshe! Wamefunikwa, wamelala!"

"Mwenyekiti, umemkata baba yako panga ngapi?"

Baba aliweka kibuyu chini, akalichukua gazeti mkononi mwa msomaji, akaondoka nalo. Siku mbili baadaye bwana shamba na mtendaji wa kijiji walikuja. Baba aliamriwa kufunua kisiki kimoja baada ya kingine, watu wakiwa wamejipanga kwenye njia ya mfereji wakiangalia, kisha akang'oa nyanya zake na kupanda tena miche ya kahawa. Jumapili iliyofuata aliacha uenyekiti mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Lakini niwaambie kuhusu jioni ile aliporudi na gazeti. Alilitandika mezani, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

Alilisoma tena lote, midomo ikicheza. "Umeandika vizuri," alisema. "Hata mimi nimemwonea huruma huyo mzee."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho baba yangu aliyoniambia mimi mwenyewe. Kuanzia hapo alizungumza nami kupitia mama, hata nikiwa nimesimama mbele yake. "Mwambie mwandishi wako ng'ombe hajanywa maji." Dada alijaribu kuligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Wakati wa kula alinigeukia kwa sauti nzito ya baba na kusema, "Mwandishi, mwambie baba yako chumvi iko karibu na mkono wake." Mama alimfinya. Baba aliendelea kula.

Niliacha safu. Mhariri alituma salamu mara mbili, sikujibu. Ndipo ukanishukia ule uzito ambao hadi leo ninaishi nao. Sijui niuelezeje kwa mtu asiyeujua. Haukuwa usingizi wala kuwa macho. Nililala nimetazama ukuta, nikisikia watu wakipita njiani kwenda kuchuma kahawa, na kunyanyua mguu kutoka kitandani kulikuwa kazi kama ya kunyanyua gogo. Mama aliniletea mtori, supu ya ndizi, akidhani ni malaria. Mtori ulipoa, ukaota ngozi juu, akaja kuuchukua, akaleta mwingine.

Na macho nayo yakaanza. Kwanza pembeni: niligonga migomba niliyoijua tangu utotoni, nikamwaga vikombe. Daktari wa macho mjini alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaoiba bila kelele, na kilichokwisha kuibwa hakirudi. Nilimuuliza kama laana ya mzazi inaweza kuleta hali hiyo. Alicheka, kisha akaona sikuwa nacheka. "Hapana, kijana," alisema. "Hili lingekupata hata kama ungekuwa mtoto mtiifu kuliko wote Kilimanjaro." Alinipa dawa ya matone, ambayo miezi mingine ilipatikana na mingine haikupatikana.

Nyumbani nilisema nimeambiwa nitahitaji miwani. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni kubwa kuliko la gazeti. Nilijua watu watasema baba amenipofusha kwa kinywa chake, na sikutaka abebe na aibu hiyo baada ya visiki. Pia nilikuwa na kiburi. Basi nikajifunza. Nilijua hatua kutoka jikoni hadi zizini. Nilijua kugeuza uso kwa anayesema na kutikisa kichwa. Nilikaa mlangoni na gazeti la zamani mikononi, nikifungua kurasa kwa mwendo wa mtu anayesoma. Mwanga ulipobaki kama ule unaopita chini ya mlango, hakuna aliyejua ila dada, naye nilimwapisha.

Kisha baba akaanguka kwa ugonjwa wa kifua. Alikaa kitandani wiki ya kwanza, ya pili. Mama alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Amka, mwanangu. Nenda kwa baba yako na sale."

Kwa wasio wa huku, sale ni mmea wa majani membamba marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba na penye makaburi. Aliyekosa huchuma jani lake akampelekea aliyekosewa. Akilipokea, shauri limekwisha, na kukataa ni jambo zito. Na hakuna anayepaswa kuingilia kati kwa neno wala kwa mkono. Kwa mtu wa aibu, sijui mila nzuri kuliko hiyo, maana haidai useme.

Ilinichukua siku tatu kunyanyuka. Nilikwenda mpakani mwenyewe, nikapapasa majani hadi nikapata moja lisilochanika. Saa nne asubuhi niliingia chumbani kwa baba. Mama alibaki mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Marahaba haikuja. Nilisikia pumzi yake ikikwaruza na blanketi likisogea. Nilinyoosha jani mbele yangu, kuelekea pale nilipodhani yupo, nikangoja sauti. Sikutaka neno kubwa, hata kukohoa tu kungetosha. Nje kuku alikuwa anatangaza yai. Alitangaza akamaliza. Mkono wangu ukaanza kuchoka. Nikajiambia: amekataa. Amekataa sale, mbele ya mama. Niliinama, nikaipata stuli ya kando ya kitanda kwa goti, nikaliweka jani juu yake.

"Haya, baba," nilisema.

Nikatoka bila kugusa fremu ya mlango. Nakumbuka kwamba hata wakati ule nilijisifu moyoni kwa kutogusa fremu.

Nilirudi ukutani kwangu. Siku ya nne baba alifariki. Tulimzika kihambani, upande wa juu, na mimi nikarusha udongo wangu pale dada aliponielekeza kwa kunigusa kiwiko.

Wiki moja baada ya matanga, mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nilikaa karibu naye.

"Mwanangu, nilikuzaa mimi. Sikujua nilizaa jiwe."

"Nimefanya nini, mama?"

"Unaniuliza? Baba yako alikunyooshea mkono. Mkono mzima, nje ya blanketi, na alikuwa hana hata nguvu ya kushika kikombe. Ulitetemeka mpaka nikataka kuingia niushikilie. Ukamwangalia hivi hivi. Ukaweka jani kwenye stuli, ukaondoka."

Nikauliza, "Alisema kitu?"

"Alisema, 'Ana haki.' Akageukia ukuta."

Ndipo nikamwambia. Hakuamini. Nilisikia kisu kikiwekwa chini.

"Hiki ni nini nimeshika?"

"Sijui, mama."

"Na sasa?"

"Sijui."

Alinishika uso kwa mikono yenye utomvu wa ndizi, akauvuta karibu na wake, akaanza kulia kwa Kichagga, maneno anayoambiwa mtoto mchanga. "Tangu lini?" aliniuliza. Nilimwambia tangu kabla ya msimu wa mwaka jana. Alilia tena. Kisha nikamuuliza lile jani lilikwenda wapi, kwa sababu nilikuwa na tumaini dogo, la kijinga, kwamba labda baba alilichukua nilipotoka.

"Nililitupa mimi," alisema. "Siku ile ile. Nilikuwa na hasira na wewe."

Hadi leo hatujaambiana zaidi ya hapo. Mama ananishika mkono kwenda kanisani na tunaingia kwa mlango mkubwa. Uzito huja na kuondoka. Siku unapoondoka naandika, kwa boksi langu la sabuni, habari za nyumbani kwetu, na sasa mtu ninayemsema ni mimi.

Nimewauliza wazee wawili. Mmoja amesema mkono ukishanyooshwa, sale imepokelewa, hata kama haikugusa ngozi. Mwingine amesema hapana, lazima jani liguswe, la sivyo shauri linabaki wazi, na nimpelekee jani jingine kaburini. Nilimuuliza nani ataliondoa mkononi mwangu pale kaburini. Akaniaga.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliokuwa mkisoma kiganja changu kile gazetini, na yeyote mwingine. Kama kwenu mlimani, au kokote mliko, iliwahi kutokea mtu akaomba na mwingine akakubali na wasijuane, niandikieni mlihesabuje. Msinifariji tu. Barua zipelekeni pale pale gazetini, karani ananifahamu. Andikeni hata kwa penseli. Dada atanisomea, na kila mtu nitamjibu, ingawa itachukua muda.