Udongo wa Kumrudisha Kaka

Mama alikataa katakata tuchukue pikipiki mbili. Tulibanana nyuma ya dereva mmoja kutoka Majengo hadi njia ya Sake, mama katikati, amekumbatia mfuko mtupu utadhani tayari una kitu.

Kaka yangu mkubwa hakuwa askari. Alikuwa akileta jibini mjini kutoka kwetu Masisi, mapigano yakamkuta barabarani karibu na ziwa la Lac Vert, na mwili wake haukuonekana. Nyumbani kwetu, mtu akipotea hivyo, huzikwa udongo wa pale alipoangukia. Tulingoja miaka mpaka njia itulie. Asubuhi hiyo baba zangu wadogo walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi, wakitusubiri.

Nilidhani uwanja wa vita ungenitisha. Nilikuta nyumba za mbao, wanawake wanauza makaa, kanisa linapiga muziki kwa sauti ya kuudhi, na katikati msalaba wa saruji uliozungushiwa maua. Umeandikwa: kwa wote walioangukia hapa. Wote kina nani? Waliopiga na waliopigwa pamoja? Nilikasirika, kisha sikujua nimemkasirikia nani.

Mama hakuwa na haja na maandishi. Alipiga magoti, akaanza kuchota udongo mweusi chini ya maua. Mzee anayetunza mahali pale alimwacha kwanza, halafu akasogea.

"Mama, udongo hii si ya hapa. Hapa ni majiwe ya volkano tu, maua ilikataa kuota. Tulileta na kamyo."

"Ilitoka wapi, papa?"

"Masisi. Kule juu, kwenye ngombe."

"Masisi fasi gani?"

"Hiyo sijue, mama. Dereva ndiye alijua."

Mama aliufikicha mkononi, akaunusa. Nami nilinusa. Kwangu ulikuwa udongo tu.

"Ni ya kwetu," akasema, na akalia kilio ambacho hakukilia hata siku tulipoletewa habari. "Sasa mutoto wangu iko wapi?"

Nikibanwa huwa nasema upuuzi. Nilimwambia basi tubebe jiwe, mawe angalau ni ya hapa.

"Nizike jiwe?"

Aliumwaga udongo wote pale alipoutoa, akaushindilia kwa viganja, taratibu, jinsi tunavyofanya kaburi likishajazwa. Nilichuchumaa nikamsaidia, bila kujua tunafanya nini.

Tukiwa barabarani baba mdogo alipiga simu kuuliza kama tunakuja naye. Nilimpa mama.

"Musifunike ile shimo," akasema. "Na musitie kitu."

Mpaka leo liko wazi nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha linajaa maji, na kila tukikutana tunaulizana kama siku ile tulimzika kaka au bado.